Ruta ya safari kwa kishikwambi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwaka juzi nililala gesti moja Singida ambayo Waifai yake iliishia kwenye korido. Ndani ya chumba changu kishikwambi kilionyesha mstari mmoja tu, na hicho ndicho nilichokitegemea kwa mafunzo ya walimu asubuhi yake. Nilipakua mafaili usiku wa manane nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipofika. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila ruta ndogo, na kila ninapokutana na walimu wenye vishikwambi swali linakuwa lile lile: ninunue ipi?

Kabla ya kutoa hela, jua intaneti yako itatoka wapi. Ruta ya safari haizalishi intaneti. Inaichukua mahali, iwe Waifai ya gesti, waya wa ukutani au simu yako, kisha inakugawia kwa jina moja na nenosiri moja popote uendapo. Kishikwambi kinaijua ruta yako tu. Ukihama mji, kinachobadilika ni upande wa pili wa ruta.

Na kama unasafiri kwa nadra na simu yako ina bando, usinunue chochote. Hotspoti inakutosha. Kasoro zake utaziona kazi ikiwa nzito: simu inachemka, chaji inaisha, hotspoti inajizima isipotumika, na kama laini yako haina VoLTE (uwezo wa kupiga simu juu ya 4G), mtu akikupigia tu data inashuka au inakatika katikati ya mkutano.

Kwa anayefanya kazi safarini kila wiki, namba moja kwangu ni GL.iNet Beryl AX, yaani GL-MT3000. Ina Waifai 6, yaani kizazi cha sita cha Waifai, na masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, na hayo masafa mawili ndiyo sababu kubwa ya kuipenda. Inapokea Waifai ya gesti kwenye 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi, halafu inakipa kishikwambi 5, ambayo ina kasi. Ruta yenye masafa mamoja hupokea na kutoa kwenye njia ile ile kwa zamu, hivyo kasi inapungua kwa karibu nusu. Beryl AX ina pia tundu la USB. Gesti ikiwa haina Waifai kabisa, nachomeka simu kwa waya wake wa chaji, nawasha kushiriki intaneti kwa USB, na simu inapata chaji wakati huo huo inapotoa data. Nikiiweka kwenye kizingiti cha dirisha, pale mtandao wa simu unaposhika, mimi nakaa kitandani na kazi inaendelea.

Gharama yake ni mara mbili au tatu ya ile ndogo nitakayoitaja chini. Pia inataka umeme wa kutosha, volti 5 na ampia 3. Chaja ya simu ya ampia 1 au 2 inaweza kuiwasha vizuri, kisha ikajizima na kuwaka upya mzigo unapoongezeka, na wewe ukalaumu mtandao. Soma maandishi madogo kwenye chaja na kwenye pawabenki yako kabla ya kuondoka dukani.

Namba mbili ni MiFi, ile yenye betri na tundu la laini, kwa mfano TP-Link M7200. Betri yake ni mAh 2000 na inabeba vifaa 10. Kwa anayezunguka vijijini ambako Waifai ya gesti haipo, kwake hii iwe namba moja, wala nisimbishie. Ila hakikisha haijafungwa kwa kampuni moja. Niliwahi kununua moja kwa bei ya kuvutia, nikafika nyumbani, nikaweka laini yangu, ikakataa. Siku hizi naingia dukani na laini mbili za kampuni tofauti na sitoi hela mpaka zote zimefungua ukurasa mbele yangu. Angalia pia bendi za 4G, yaani masafa ambayo kampuni ya simu hurushia mtandao wake. Safaricom ya Kenya, kwa mfano, hutumia MHz 800 na 1800, na vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani havina hiyo 800.

Namba tatu ni TP-Link TL-WR902AC. Nayo ina masafa mawili na tundu la USB, lakini tundu la waya ni moja na kasi ni ya kizazi cha nyuma. Ukiipata kwa bei nzuri, ichukue. Ya mwisho ni GL.iNet Mango, ndogo kabisa, inawaka hata kwa chaja ya ampia 1. Ina 2.4 peke yake. Kwa barua pepe na WhatsApp inafaa; kwa mkutano wa video kwenye gesti iliyojaa watu, hapana.

Ukishainunua, kuna mitego ya kuunganisha. Gesti nyingi zina ukurasa wa kuingiza namba ya chumba. Unganisha kishikwambi na ruta, kisha iambie ruta iingie Waifai ya gesti, ndipo ufungue kivinjari, na ukurasa utajitokeza. Usipojitokeza, zima VPN (njia ya siri ya kupitishia data) ndani ya ruta, na kwenye GL.iNet zima pia ulinzi wa DNS rebinding, unaozuia majina ya tovuti yanayoelekeza kwenye anwani za ndani ya mtandao, halafu ujaribu tena. Kwa Tanzania, VPN yenyewe ina utaratibu: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, iliwataka wanaoitumia watoe taarifa zao, kwa hiyo usiiwashe kwa sababu tu ruta imekuja nayo.

Mtego wa pili unawasumbua wengi. Kishikwambi kilichowahi kuunganishwa na Waifai ya gesti huikumbuka, na kikiamka kinairukia hiyo badala ya ruta yako. Nenda kwenye mipangilio ya Waifai, gusa jina la mtandao wa gesti, chagua kuusahau. Na kama mapokezi walisajili kishikwambi chenyewe, ruta itakataliwa mpaka uipe anwani ya MAC ya kishikwambi hicho, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao. Ichukue kwenye maelezo ya mtandao ule wa gesti kabla hujausahau, kwa sababu Android tangu toleo la 10 na iPad tangu iPadOS 14 hutumia anwani tofauti kwa kila mtandao, na iliyoandikwa kwenye boksi siyo ile waliyoisajili.