TAHADHARI: Anayeuza nyuzi za tatingi "za urithi wa bibi" ni tapeli, kaeni naye mbali

Jamani, mtu akiwafuata kwenye ujumbe wa faragha na kuwaambia ana sanduku la nyuzi nyembamba za tatingi, hii lesi yetu ya kufuma kwa mafundo madogo kwa mkono, za marehemu bibi yake, namba 100 kwenda juu (namba ikikua uzi unakuwa mwembamba zaidi), msijibu. Kama mmeshajibu, msilipe. Kama mmeshalipa, poleni sana na karibuni chamani, mwenyekiti ni mimi.

Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, mimi ambaye siku zote ndiye nawakaripia msinunue uzi ambao hamjaugusa. Cheko najua lipo. Chekeni mmalize halafu msome, kwa sababu huyu anawatafuta nyinyi wa uzi mwembamba. Wanaofuma kwa namba 20 hana habari nao kabisa.

Ile kola ninayowafumia watu kwa uzi wa namba 120 mnaijua, sirudii habari zake. Mnajua uzi uliniishia kabla sijaimaliza. Namba 120 siku hizi kuipata ni kazi, wengi wanaotengeneza wanaishia 80, na kola iliyoanza na 120 ikamaliziwa na 80 hata asiyejua kufuma ataona pete, vile viduara vya mafundo, zimevimba ghafla upande mmoja wa shingo. Kwa hiyo nilikuwa naulizia kila mahali, bila kuficha shida yangu. Nadhani ndiko alikoniona.

Alianza na picha. Donge moja jeupe la uzi juu ya kitambaa cheusi, pembeni shatoli ya mfupa, kile kidude cha kubebea uzi tunachofumia, yenye ufa mdogo ubavuni. Hakutaja bei wala hakusema karibu mteja. Aliandika: "Nimeona kazi yako. Ni wewe unayetoa pikoti fupi namna ile, tena zote sawa?" Sasa niambieni, tapeli gani anaanza na pikoti, vile vitanzi vidogo vya pambo kati ya mafundo? Matapeli ninaowajua mimi wanaanza na punguzo.

Nikamjibu ndiyo, ni mimi. Akauliza shatoli yangu ni ya ncha au ya ndoano. Nikasema ya ncha, maana ndoano inakwaruza uzi wa namba hizo. Akaniwekea alama ya moyo. Akauliza, pete kubwa naifunga kwa mvuto mmoja au naivuta kidogokidogo huku nimebana mafundo kwa vidole? Nikaeleza. Nilieleza kirefu, nikaweka na picha ya mkono wangu, kama niko kwenye usaili. Kila nikijibu ananiandikia "sawa kabisa" au "bibi naye alikuwa hivyohivyo". Kisha ukaja ujumbe wa sauti, sauti ya kike, imepoa, inakatikakatika. Kwamba bibi enzi za uhai wake hakuruhusu mtu aguse lile sanduku. Kwamba watu wameshamtolea fedha nzuri akakataa, kwa sababu walitaka uzi wa kushonea vifungo. "Mimi nataka uende kwa mtu anayeujua, dada yangu. Nisipompata bora nizikwe nao."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mmeona alichofanya? Mwenye fedha ni mimi, lakini mimi ndiye niliyekuwa nabembeleza nionekane nafaa! Nilimwandikia aya nzima kumhakikishia kwamba uzi wa bibi yake hautaaibika mikononi mwangu. Hiyo aya bado ipo na kila nikiiona mwili unanichemka.

Na wale walioanza kunisema pembeni kwamba niliparamia, hapana. Niliomba kipande cha kujaribu. Akatuma bila kinyongo, bure, kimezungushwa kwenye kadi na kufunikwa karatasi laini, kinatosha kujaza shatoli moja. Nikakata ncha nikaichoma: ikawaka vizuri, harufu ya karatasi inayoungua, ikaacha jivu la kijivu lililopeperuka nilipolipuliza. Pamba hiyo, hakuna ubishi. Nikauzungusha kwenye rula kando ya uzi uliobaki wa kola, sentimita moja kwa sentimita moja, idadi ya mizunguko ikalingana. Nikafuma ua dogo la pete nne, kila pete mafundo pacha (kila moja ni nusufundo mbili) 6, pikoti, 6, pikoti, 6, pikoti, 6. Nikavuta. Uzi wa ndani, ule unaopita katikati ya mafundo, uliteleza bila kusita hata mahali pamoja, pete ikajifunga taratibu, miguu yake miwili ikagusana. Anayefuma anaijua raha hiyo, na asiyefuma sina namna ya kumweleza. Nililala na lile ua kiganjani, mtu mzima mimi.

Asubuhi nikamlipa sanduku zima.

Tulipe nje ya utaratibu wa tovuti, alisema, kwa sababu wanakata sana na fedha wanaikalia. Halafu hataki kuuza madonge moja moja, urithi hautawanywi. Na kuna mwingine anasubiri jibu toka juzi, "lakini moyo wangu uko kwako". Nikatuma moja kwa moja mkononi mwake. Akaniombea dua! Dua ndefu, na marehemu kamtaja ndani yake.

Sanduku lilifika, tena kwa wakati, na hilo nalo ni ufundi wake, kwa sababu angekimbia na fedha ningemshtukia siku ileile. Madonge yamepangwa kwa safu, kila moja na karatasi yake kiunoni imeandikwa 120 kwa maandishi ya kizamani, na ukifungua unapigwa na harufu ya dawa ya nondo. Nikawapigia picha. Wengi wenu mlinipongeza, mnakumbuka.

Nikajaza shatoli, nikakaa kwenye kola. Mwanzo mzuri kabisa, uzi uleule wa kwenye kadi. Nikajaza mara nyingine, nikafika ile kona ya ua la katikati. Pete ya kwanza imefunga. Ya pili imefunga. Ya tatu navuta, imefika nusu, imegoma. Nikadhani nimekosa kugeuza fundo moja, kwamba limefungwa na uzi wa ndani wenyewe badala ya kuuzunguka, mnajua inavyotokea. Nikahesabu, mafundo yote yamegeuka. Nikavuta tena kwa upole. Imegoma palepale. Nikawasha taa, nikachukua kioo cha kukuzia, nikapanua mafundo kwa ncha ya sindano moja baada ya jingine, na ndani ya fundo pacha la nne baada ya pikoti ya pili nikaliona: kifundo kidogo kama yai la chawa, uzi umeungwa na uzi, mikia imekatwa karibu kabisa na kupakwa gundi. Gundi, jamani. Kwenye uzi wa tatingi! Uzi wa ndani usipoteleza hakuna pete, hiyo ndiyo kazi nzima, na huyu kaweka kizuizi kwa makusudi akakipaka na gundi kisionekane.

Ile pete nilihangaika nayo usiku mzima. Uzi wa 120 ukishabana mafundo haufunguki kirahisi, unafungua nusufundo moja, unapumua, unafungua jingine, na mahali hapo niliunganisha na pikoti ya safu ya zamani, yaani uzi wa zamani, ule mzuri wa kweli. Pikoti ikakatika. Kola ya watu.

Basi nikachukua donge lile nikalikunjua lote. Tabaka la juu ni pamba nzuri. Chini yake vipande, vingine havifiki urefu wa mkono, vimeungwaungwa, unene wake tofauti, kuna na kilichoanza kuwa cha manjano. Chini ya hapo uzi wa cherehani. Nikauchoma: ukakimbia moto, ukajikunja, ukatoa moshi mweusi na kuacha shanga nyeusi ngumu. Poliesta. Na katikati kabisa, moyo wa donge, karatasi iliyofinyangwa. Nikakunjua la pili na la tatu, hadithi ileile. Yaliyobaki sikuwa na nguvu nayo.

Nilimwandikia kwa adabu. Bado nilikuwa namtetea, eti huenda hata yeye hajui, huenda marehemu alikuwa mtu wa kubana matumizi. Jibu lake hili hapa, nimelinakili nukta kwa nukta: "Dada, uzi mwembamba si wa kila mtu. Mkono wako utakuwa mzito. Anza na namba 40 kwanza."

Mkono mzito! Mimi!

Kisha akanifungia. Fedha inauma, ndiyo, lakini hilo neno ndilo linaloniamsha usiku. Mtu anakuibia halafu anakurudisha darasa la kwanza.

Nilipoulizia taratibu ikajulikana siko peke yangu. Mwenzetu mmoja katumiwa picha ileile, donge lilelile, shatoli yenye ufa uleule, ila kwake ni urithi wa mama mkwe. Yeye hakulipa, na sababu yake imenifurahisha. Aliambiwa uzi ni wa mwaka 1840 na huo mng'ao ni wa asili. Uzi wa pamba unaong'aa namna ile umepitishwa kwenye soda kali ukiwa umevutwa. Mwingereza John Mercer ndiye aliyeanza kutia pamba kwenye soda hiyo, akapata hataza mwaka 1850, na hata yeye hakuwa anauvuta, kwa hiyo wake haukung'aa hivyo. Mng'ao huu tunaoujua umekuja mwishoni mwa karne ya 19. Sasa mama mkwe aliutoa wapi mwaka 1840? Mwenzetu akamuuliza swali hilohilo, akafungiwa papo hapo. Mimi hakunitajia mwaka wowote, labda alishajifunza.

Mwingine ameitambua ile shatoli: anasema picha imechukuliwa kwa mfumaji mwingine kabisa ambaye hata hauzi kitu. Kwa hiyo na bibi simwamini tena. Bibi gani.

Huyu mtu anatakiwa akamatwe. Msiniambie nimsamehe, msiniambie ni uzi tu. Alikaa chini akaunga vipande kimojakimoja, akapaka gundi, akazungusha juu uzi mzuri wa kutudanganyia, akachapa karatasi za viunoni, akatia na dawa ya nondo. Hiyo ni kazi ya majuma. Mwenye subira ya namna hiyo angeweza kufuma shuka! Na akihukumiwa, naomba hakimu anipe mimi nichague adhabu: apewe madonge yake mwenyewe, shatoli moja na taa hafifu, afume ukingo wa kitambaa cha meza ya watu kumi na wawili, na kila pete itakayogoma aifungue kwa sindano mbele yetu, bila mkasi. Mkasi marufuku. Na sisi tuwe tumekaa pale tunamwambia mkono wake mzito. Akimaliza arudishe fedha za watu na dua yake aichukue.

Haya, dalili, maana mtaniuliza. Ile ya kulipia nje ya tovuti mnaijua. Karatasi za viunoni zilikuwa mpya mno kwa uzi unaonuka uzee, na gundi yake haijabadilika rangi. Kipande cha kujaribu kisiwafariji, nacho ndicho chambo: kinatoka tabaka la juu. Muombeni muuzaji achomoe uzi kutoka katikati ya donge kwenye video, auchome na kuuzungusha kwenye rula mkiangalia. Akisema donge litaharibika, mwacheni nalo. Donge likifika, lichomeni sindano ndefu hadi katikati. Langu, nilipokuja kujaribu kwa yale yaliyobaki, sindano ilipita laini halafu ikagonga karatasi. Na kabla ya kujaza shatoli, pitisheni uzi polepole katikati ya kucha mbili, kifundo chenye gundi kinakwaruza. Na anayewahoji nyinyi kabla hajawauzia, mgeuzieni maswali, mwambieni naye afunge pete tukimwona mikono.

Akaunti ile ameshaifuta, atarudi na jina jingine na marehemu mwingine. Ujumbe wake wa sauti ninao. Kama na wewe umepokea sauti ya kike inayokatikakatika ikikuambia bora izikwe na uzi, usiufute hata kama unaona aibu, niletee tuzilinganishe. Mpaka sasa tuko watatu tulioisikia, na ripoti nataka ipelekwe ikiwa na sauti zote kwa pamoja. Na kama kuna mwenye mabaki ya 120 nyeupe ya kweli, hata robo ya donge, kola bado inasubiri. Nitalichoma sindano kwanza, mniwie radhi.