Vijiti viwili: uzoefu wangu na shule ya Montessori hapa Malindi

Ukiniuliza leo kama umpeleke mwanao shule hii, nitakwambia hapana. Jina silitaji. Ugomvi wangu si wa karo, si wa chakula, wala si wa gari la asubuhi. Ni wa vijiti viwili.

Montessori ni mfumo wa mtoto kujifunza kwa vifaa anavyovishika mwenyewe, na darasa lake la watoto wa miaka 3 hadi 6 huwa na sanduku lenye vyumba 10, kila chumba na tarakimu yake, 0 mpaka 9. Pamoja nalo kuna vijiti 45 vya mbao. Jumlisha 1 na 2 na 3 mpaka 9, utaipata hiyo 45. Mtoto anavihesabu kimoja kimoja mkononi, anavifunga utepe, anavitia chumbani mwake. Chumba cha sifuri kinabaki kitupu, na hapo ndipo anapoiona sifuri kwa macho. Akifika 9 na vijiti vikaisha, anajua amepatia. Vikipungua au vikizidi, anajua kuna chumba alichokosea, anarudi kukitafuta. Hakuna mtu mzima wa kumwambia "umekosa". Sanduku lenyewe ndilo linalomsahihisha, na sababu ya kuwepo kwake ni hiyo.

La shule hii lina vijiti 43.

Mzazi anaruhusiwa kukaa darasani nusu saa, kwenye kiti cha pembeni, atazame bila kusema na mtoto. Utaratibu mzuri, nausifu. Nilichokiona ni hiki: mtoto, wala si wangu, kahesabu 1 mpaka 8 bila kosa hata moja. Kufika 9, mkononi mna 7. Akavitoa vyote, akaanza upya. Saba tena. Mara ya tatu akatazama huku na huku, akachomoa viwili kutoka chumba cha 8, akavitia cha 9, akalirudisha sanduku kwenye rafu. Mtoto wa miaka minne aliyehesabu sawasawa, kifaa kimemfundisha kughushi!

Nikangoja watoto watoke, nikaenda ofisini na salamu zangu zote. Jibu nililopewa, macho yakiwa kwenye simu: "Mama, vijiti viwili tu? Wewe ukishalipa karo umemaliza, mengine tuachie." Na ofisi hii ndiyo inayotuandikia kwenye grupu la WhatsApp kwamba shule ni ya wazazi, kila inapotaka tushone eproni, tupige rafu msasa, tulete leso kuukuu za kukata vitambaa vya kufutia. Mikono yetu wanaitaka. Macho yetu hawayataki.

Tena nisiambiwe kwamba hayo ni mambo ya anasa. Dokta Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907, San Lorenzo, Roma, mtaa wa maskini. Kifaa kikamilike, basi.

Na kukikamilisha si kazi. Mpelekee fundi kijiti kimoja cha asili, usimpelekee picha, kwa sababu unene ndio unaokosewa: vikiwa vinene, 9 havishikiki kwenye kiganja kidogo. Mbao iwe kavu kabisa. Mbichi ikikutana na unyevu wa hapa pwani inapinda. Apige msasa namba 120, amalize na 240, apitishe kidole kutafuta vibanzi. Rangi ifanane na vya zamani, maana kijiti cha rangi tofauti mtoto atakikimbilia hicho aache hesabu. Vya akiba vikae kabatini kwa mwalimu, visitiwe na vingine hata siku moja: 46 inaharibu sawa na 44. Kisha vihesabiwe kila jioni kabla ya kufunga mlango. Vingi huondokea mfukoni mwa eproni, au hufagiliwa pamoja na mchanga. Ni kazi ya dakika moja.

Hapa lazima niseme haki. Mwalimu wa darasa hilo ni mwalimu kweli. Anapiga goti mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, anaonyesha polepole, na mikono ikionyesha mdomo umenyamaza. Asubuhi yake ni muda wa saa 3 mfululizo bila kengele. Watoto wanakunja mikeka yao wenyewe. Mnara wa waridi, ule wa vipande vya mbao vya kupanga kimoja juu ya kingine, una vipande vyote 10, mpaka kile cha sentimita 1 ambacho ni chepesi kupotea kama punje. Kwa mwalimu huyu ningesema mpeleke mwanao, mpeleke kesho, na wangu simtoi.

Lakini mwalimu huyo huyo ndiye aliyeninong'oneza mlangoni kwamba vijiti ameviomba tangu muhula uliopita. Ameomba yeye, nimeomba mimi, na sote tumejibiwa kama watu wasio na kazi. Basi hapana, nimerudi kwenye hapana yangu.

Vijiti vitano nimeshavipeleka, vimekerezwa na fundi wa hapa hapa mjini, gharama haikufika nauli ya wiki ya tuktuk. Viko juu ya kabati la ofisi, utepe wake haujafunguliwa. Ukienda kuitazama shule yoyote ya namna hii, kabla hujauliza karo, omba uonyeshwe sanduku la vijiti uhesabu mwenyewe.