Nasari ya maua ya kando ya barabara Nyali: kwa wenye uwa wa kivuli kama mimi

Uwa wangu uko Tudor chini ya mwembe mkubwa, mwembe wenyewe wa jirani lakini kivuli chote kamwaga kwangu. Jua nalipata saa mbili asubuhi mpaka kama saa tatu u nusu basi, baada ya hapo ni kivuli mpaka magharibi. Maua ya kuchanua nimejaribu sana, waridi lilinifia, asumini ikarefuka kama kamba bila kutoa hata kikuba kimoja cha kujifunga, mpaka nikasema wacha nipande majani ya rangi tu. Ndo nikaanza kwenda hii nasari, mwaka sasa umepita, jina siwezi kuwapa maana haina hata kibao, ni neti nyeusi imefungwa juu ya miti na viriba vimejazana chini mpaka karibu na lami.

Siku ya kwanza nilikwenda nishaamua kroton, ile ya majani ya manjano na mekundu unayoiona kila hoteli. Mzee mwenye nasari akaniuliza, "Mwanangu, kwako jua lapiga?" Nikamwambia halipigi. Akaitoa mkononi mwangu akairudisha, ati kroton rangi yake yataka jua, ukiiweka kivulini majani mapya yatoka kijani kitupu halafu utarudi hapa useme nimekuuzia mche mbovu. Mimi kwa ubishi nikanunua moja tu, shilingi 200, na wallahi baada ya miezi kama mitatu ilikuwa kijani kama mchicha, rangi imebaki kwa majani ya zamani ya chini peke yake. Muuzaji anayekunyima kitu akijua hakitakufaa, hapo Mombasa hii mwampata wapi? Kwa hilo nampa nyota zote.

Alichonipa badala yake ni mimea ya majani ya rangi inayovumilia kivuli: koliasi, aglonema na kaladiamu. Koliasi ni shilingi 100 na nawaambia msinunue zaidi ya mche mmoja wa kila rangi, kata tawi litie kwa glasi ya maji, wiki mbili hivi lina mizizi, mimi nimeshagawia nusu ya mtaa. Ila kwenye kivuli kizito inakonda na kurefuka shingo, kwa hivyo ikate ncha mara kwa mara, na kile kishada cha maua kikitokeza king'oe, si kizuri na kinaimaliza nguvu.

Kaladiamu ndo iliyoniroga, majani meupe yana mishipa ya kijani, mengine waridi kabisa, jioni yanang'ara pale kizani utadhani kuna taa. Mamangu alipokuja kuona akauliza, "Sasa we umetoa shilingi 350 kununua majimbi?" Na hakukosea sana, ni ukoo mmoja na majimbi na utomvu wake unawasha vilevile, kama una mtoto wa kutia kila kitu mdomoni weka chungu mbali. Sasa Januari kaskazi imekolea, joto kama tanuri, majani yakaanza kulala moja moja mpaka chungu kikabaki udongo mtupu. Vyungu vinne. Nikavimwaga viwili jaani kwa hasira nikaenda kulalamika, kijana anayemsaidia mzee akaniambia hata bila kuinua kichwa, "Haikufa hiyo dada, imelala, kiazi kiko chini, ungepunguza maji ungoje mvua." Jamani hiyo si ya kuniambia siku ya kununua? Vile viwili vilivyobaki Aprili mvua zilipoanza vikachipua, na mimi kila nikiviona nakumbuka vile vya jaani. Hilo ndo kosa lao kubwa, hawakwambii kitu mpaka uulize, na mtu mgeni atauliza nini?

Wanauza pia udongo uliochanganywa, mwekundu na samadi na makumbi ya nazi yaliyosagwa, gunia shilingi 400. Nunueni. Kwangu ukichimba futi moja unagonga tumbawe, chokaa tupu, miche niliyotia ardhini moja kwa moja iligeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, kwenye vyungu haikuwa hivyo. Ila gunia moja lilikuja na samadi mbichi, nzi na harufu siku nne, sasa huwa natia mkono ndani kwanza ninuse, wanichekao wacheke.

Aglonema ilinisumbua ncha kuungua nikadhani nimeuziwa mgonjwa, kumbe ni maji yangu ya kisima yana chumvi. Tangu niinyweshe ya mvua na ya mfereji (siku yakija) majani mapya yako safi. Hiyo si lawama ya nasari.

Lakini hii ni yao: geuzeni majani muangalie chini kabla ya kulipa. Mche mmoja niliubeba na vile vidudu vyeupe kama pamba vikahamia mpaka kwa jirani, nimefuta kwa maji ya sabuni karibu mwezi mzima.

Kuleta nyumbani hawaleti, utatafuta tuktuk mwenyewe na umwambie asiende mbio. Bei inashuka ukienda asubuhi ukichukua mitatu minne, M-Pesa wanapokea. Mkienda wiki hii kaladiamu nyekundu karibu zimeisha, na zile mbili nyuma ya pipa la maji msiziguse, nimeshalipia.