Kozi ya kuchezesha vikaragosi mbele ya kamera: macho kwanza, sauti baadaye

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya kuchezesha vikaragosi kwa ajili ya skrini, na ninaipendekeza kwa moyo wote. Kozi nyingi za aina hii hukimbilia sauti za kuchekesha. Hii inaanza na macho. Katika masomo ya mwanzo kikaragosi hakisemi neno. Kinatazama tu: lenzi, kikombe kilichoko mezani, mtu anayeingia. Mkono wako ulio ndani ya kikaragosi ukinyooka juu wima, macho ya kikaragosi huelekea dari, na mtazamaji huhisi kwamba haongeleshwi yeye. Dawa yake ni kukunja kifundo cha mkono kuelekea mbele na kukishikilia hapo. Ni kazi ngumu kwa bega, na nashukuru kila somo lilianza na mazoezi ya kunyoosha viungo.

Sehemu ya mdomo imefundishwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kidole gumba ndicho kinachoshuka, vidole vya juu vinatulia. Ukiinua vya juu, kichwa kinarushwa nyuma kwa kila silabi na macho yanapotea. Mdomo ufunguke pale silabi inapotoka, usifungwe juu yake. Mifano yote ni ya Kiingereza, chenye maneno mengi mafupi, hivyo sisi tuna kazi ya ziada. Neno kama "nitakapokuambia" lina silabi 8, na mdomo unaozifungua zote kwa upana mmoja unaonekana kutafuna. Nimeona inapendeza kuufungua wazi kwenye silabi yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho, na kuugusa tu kwenye nyingine.

Kinachonifanya niithamini zaidi ni somo la monita, yaani skrini inayoonyesha picha ya kamera. Jim Henson, Mmarekani aliyebuni vikaragosi vya Muppets na kuanza kipindi chake cha televisheni cha Sam and Friends huko Washington mwaka 1955, aliacha kile kijukwaa cha kujifichia na kuufanya ukingo wa televisheni wenyewe kuwa jukwaa. Mchezeshaji anajibana chini ya picha huku akitazama monita, anaona kile kile anachoona mtazamaji. Caroll Spinney alifungiwa monita ndogo kifuani ndani ya Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano wa kipindi cha Sesame Street. Shida ni kwamba picha hiyo haijageuzwa kama ya kioo: ukipeleka mkono kulia kwako, kikaragosi kinakwenda kushoto kwenye skrini. Kamera ya mbele ya simu mara nyingi hukugeuzia picha, kwa hiyo mwalimu anataka utumie kamera ya nyuma na skrini ya pembeni. Ana haki kabisa. Anayezoea kioo atalazimika kujifunza upya siku atakapoingia studio.

Upungufu upo. Uchezeshaji wa watu wawili, mmoja akiendesha kichwa cha kikaragosi pamoja na mkono wake wa kushoto, mwingine mkono wake wa kulia, umepewa somo moja tu, tena limerekodiwa kutoka mbele. Huoni yule wa pili anaweka wapi mabega yake, na hilo ndilo nililotaka kuliona. Ushonaji haufundishwi; soksi inatosha kwa kuanzia, lakini baadaye utahitaji kikaragosi chenye mdomo imara.

Maoni kuhusu video unazotuma yanaandikwa kwa kina, sekunde kwa sekunde. Ukiwa huna muda wa kujirekodi mara kwa mara, subiri kwanza, maana bila maoni hayo utakosa nusu ya kozi.