Kozi ya kuchora kwa kompyuta Bagamoyo: ukuta wangu umenyooshwa kwa nguvu

Kozi ni nzuri. Ngoja, nusu yake ndiyo nzuri. Hiyo nusu nyingine bado inanichoma.

Asubuhi mnapima nyumba ya kale kule Mji Mkongwe, mchana mnaiingiza kwenye SketchUp, programu ya kuchora majengo. Kuna mzee mmoja fundi chokaa. Tukamwamkia, akatukabidhi tepu, akatuonyesha kupima chumba kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikapishana karibu shubiri. "Basi hiki si mraba wala mstatili, andikeni hivyo hivyo." Ni yeye pia aliyetuambia kwa nini vyumba vyembamba: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ikifika mita tatu hivi imekwisha, chumba nacho kinaishia hapo. Tukapiga picha za simu zinazoingiliana, programu ya kuunga picha ikaziunga, ukuta wa matumbawe ukatokea na mabonde yake yote. Nilifurahi hadi nikapiga kelele.

Mchana sasa. Modeli yangu iko kwenye projekta, ukuta wa upande wa bahari umebonyea kama ulivyo kweli. Mwalimu wa kompyuta kasimama nyuma yangu: "Dada, hii nyumba au mkeka uliokunjwa?" Darasa likaangua kicheko. Sijajibu, kashaishika mausi yangu, kafuta ukuta, kaburuta mmoja ulionyooka kama rula. Halafu akasevu. Juu ya faili langu!

Nikamwambia, mwalimu, vipimo ndivyo vinavyosema hivyo. Eti mteja hanunui ukuta uliopinda. Mteja yupi? Hapo hapo Bagamoyo kuna Boma la Wajerumani la 1897, sehemu yake iliwahi kubomoka. Nyumba hizi tunazichora ili ukuta ukidondoka, fundi ajue ulikaaje. Ukiunyoosha umechora nyumba ya mtu mwingine. Na huyu ndiye anafundisha wanafunzi wa usanifu majengo!

Chakula na umeme, sina neno.

Nilishawaambia wenzangu chuoni wasipoteze hela. Nafuta kauli: nendeni, kwa ajili ya zile asubuhi. Ila kila ukimaliza kona, nakili kwenye flashi kabla yule bwana hajapita nyuma yako. Nyota mbili. Haya, tatu, na ya tatu ni ya mzee wa chokaa peke yake. Cheti nimepata, kina mhuri mkubwa. Faili langu bado nalidai.