TAHADHARI: Fundi anayeuza "ethi" ya uongo Mabatini, Igogo na huku Isamilo

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa mliojenga milimani kwenye mawe, someni hii kabla hamjamlipa mtu.

Friza ya mama anayohifadhia sato ilikuwa inapiga shoti. Si kubwa, ule mtetemo wa vidole ukishika mlango ukiwa peku. Tukawa tunavaa ndala kila tukiifungua, kama wengi wenu mnavyofanya. Akapita fundi mmoja na pikipiki, kabeba mafimbo ya ethi (yanayozamishwa ardhini ili umeme unaovuja uishie huko), akasema nyumba haina ethi na atatuwekea kwa laki na themanini, fimbo ya futi nne na waya. Nilipomwomba leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, alisema ipo nyumbani. Hapo ndipo ningemsimamisha, nikanyamaza.

Alichimba nyuma ya nyumba mimi nikiwa kazini. Jioni akachomeka kile kidude cha kupimia soketi, taa zikawaka kuonyesha ethi ipo. Friza ikaacha kupiga shoti. Tukamshukuru na soda.

Machi mvua ya upepo ikakata waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, pale kwenye nguzo. Taa zetu zote zikazima, kwa jirani zinawaka. Mama akaona umeme umekatika, akaenda peku kuangalia samaki wasiharibike. Alivyoshika mpini akatupwa ukutani. Mkono ulimuuma siku nne. Tunamshukuru Mungu hakung'ang'aniwa.

Fundi mwenye leseni alipokuja akafungua soketi, akanyamaza kidogo, kisha akaniita. Yule bwana aliunganisha ethi na nyutro kwa kipande cha waya ndani ya soketi. Kwa hiyo kidude kinadanganyika, na bodi la friza linatulia kwa sababu limefungwa kwenye nyutro. Lakini nyutro ikikatika nje, umeme wa laivu unapita kwenye balbu na vitu vilivyowashwa, unarudi kwenye nyutro ya ndani, unaingia kwenye bodi la friza. Volti 230 kwenye mpini, na nyumba nzima giza. Huwezi kujua.

Na ile fimbo? Aliivuta kwa mkono mmoja ikatoka kama mhogo kwenye mchanga. Haikufika shubiri mbili. Yule tapeli alipokutana na jiwe aliikata kwa msumeno, akafukia kichwa, akamwaga zege juu. Ukiikwangua kwa tupa, chini ya rangi ya shaba ni chuma kitupu.

Huku kwetu jiwe si kisingizio. Fundi wa pili alitafuta udongo kwenye mgomba ambako maji ya bafuni hutiririkia, akapigilia fimbo mbili nzima zikiwa zimeachana, akaziunganisha. Kisha akasisitiza ELCB ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme ukivuja, na nilimwelewa aliponipigia hesabu: ethi ikiwa na ukinzani wa omu 20, volti 230 zinasukuma ampia 11.5 tu, na breka ya ampia 20 haishtuki hata kidogo. Ile ELCB ndiyo inayokata. Jueni pia kwamba kitufe chake cha T kinajaribu kifaa chenyewe, hakipimi ethi yako. Ethi hupimwa kwa mashine yake, uisome namba kwa macho yako.

Fimbo ipigwe picha ikiwa nzima, nawe uwepo inapozama. Usikubali zege kabla hujaona.

Kama huyu bwana alikufungia (mrefu, pikipiki nyekundu, anapenda kuja mchana wenye nyumba hawapo), zima meinswichi, usifungue soketi mwenyewe, ita fundi mwenye leseni aangalie kama kuna kipande hicho cha waya. Na kama friza yako "imepona" shoti baada yake, usisubiri wiki ijayo.

Nimeshatoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Simu ya huyo tapeli haipatikani tena, na juzi kaonekana Igoma. Aliyetapeliwa naye aje tuongeze majina kwenye hiyo taarifa.