Mhadhara wa Mfululizo wa Fourier: Chujio Zuri, Lakini Hatua Zimerukwa!

Karibuni tena watazamaji wangu. Mezani leo kuna mhadhara wa mtandaoni wa kukokotoa mfululizo wa Fourier, yaani kuiandika fanksheni kama jumla ya mawimbi ya sini na kosini: saa moja na robo, mwalimu mmoja, ubao na chaki. Ubao unasomeka, sauti inasikika, maandishi ya chini yapo. Hayo tuyaache, si hayo yatakayokufanya uijue hesabu. Kuna jambo moja humu ndani ninalipenda sana, na kuna jingine linanikera kiasi kwamba nimeweka karatasi na kalamu hapa mbele ya kamera tulifanye kwa mkono. Usiondoke kabla ya karatasi.

Dakika tano za mwanzo ni historia: Joseph Fourier, Ufaransa, mwaka 1807, jinsi joto linavyosambaa, na mwanahisabati Lagrange akakataa kukubali. Ukiwa na haraka zipite.

Tuanze na zuri. Mihadhara mingi hukutupia fomula za vizigeu (namba zinazozidisha kila wimbi) mapema: aₙ ni hii, bₙ ni hii, kariri, twende kwenye mfano. Huyu hafanyi hivyo. Anaandika kwanza dai lenyewe: fanksheni inayojirudia kila baada ya 2π tunaiandika kama a₀/2, ukijumlisha mawimbi ya kosini na ya sini, kila wimbi na kizigeu chake: aₙ kwa kosini, bₙ kwa sini. Kisha anauliza, nikiitaka b₃ peke yake, naitoaje kwenye lundo hili lisilo na mwisho? Anajibu kwa chujio. Zidisha pande zote mbili kwa sin 3x, tafuta intigrali (eneo kati ya grafu na mhimili) kutoka −π hadi π, na kila kipande kitakufa isipokuwa kimoja.

Vinakufaje? Chukua sin 5x mara sin 3x. Hiyo ni nusu ya (cos 2x − cos 8x). Kati ya −π na π mawimbi yote mawili yanamaliza mizunguko kamili, eneo la juu ya mhimili linafutana na la chini, unapata sifuri. Sasa chukua sin 3x mara sin 3x. Hiyo ni nusu ya (1 − cos 6x). Ile 1 hakuna cha kuifuta! Inakupa nusu ya 2π, yaani π. Kwa hiyo upande wa kulia kumebaki π mara b₃ tu, na hapo ndipo 1/π iliyo mbele ya fomula inapotoka. Mtu aliyeona hili hapati shida kipindi, yaani urefu wa kujirudia, kikibadilika kuwa 2L. Chujio sasa linabakiza L badala ya π, basi unagawanya kwa L, na ndani ya sini unaweka nπx/L. Imeisha, hakuna fomula ya pili ya kukariri.

Na ile nusu kwenye a₀/2 inatoka hapo hapo. Intigrali ya 1 mara 1 kutoka −π hadi π ni 2π, si π. Ukiandika a₀/2, fomula ya aₙ inakufaa hata n ikiwa 0. Vitabu vingine huandika a₀ bila nusu, na fomula yao ya a₀ ina 1/2π mbele. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuchukua mfululizo wa kitabu kimoja na fomula ya kitabu kingine. Grafu yako yote itapanda au itashuka, na utatafuta kosa kwenye sini na kosini siku nzima wakati lipo kwenye wastani, yaani kile kipande cha a₀.

Kuna mihadhara shindani yenye duara zinazozunguka na rangi za kila aina. Inapendeza macho, na picha ya duara juu ya duara ni ya kweli kihisabati. Lakini ukimaliza kuitazama, mpe mtu f(x) = x mwambie akokotoe b₂, uone kama duara zitamsaidia. Kwa kukokotoa, chujio la huyu mwalimu wa chaki linazishinda zote.

Haya, karatasi.

Kama dakika ya 38 anaweka mfano wa kwanza: f(x) = x kati ya −π na π, ukiurudia unapata wimbi la meno ya msumeno. Anaandika intigrali, anasema “mtaona kwa urahisi kwamba”, na jibu liko ubaoni. Jamani! Hapo hapo ndipo mwanafunzi anapokosea, na hapo hapo ndipo anaachwa peke yake. Tufanye polepole.

Kwanza, kabla ya intigrali yoyote, angalia ulinganifu. x ni fanksheni witiri: ukibadilisha x kuwa −x, alama inageuka. Kosini ni shufwa, haigeuki. Witiri mara shufwa ni witiri, na intigrali yake kutoka −π hadi π ni sifuri. Basi aₙ zote ni sifuri, pamoja na a₀. Nusu ya kazi imeondoka bila wino. Sini nayo ni witiri. Witiri mara witiri ni shufwa, kwa hiyo unakokotoa kutoka 0 hadi π tu, halafu unazidisha kwa 2. Andika: bₙ ni 2/π mara intigrali ya x sin nx, kutoka 0 hadi π.

Sasa intigrali kwa sehemu, njia ya kutafuta intigrali ya vitu viwili vilivyozidishwa: kimoja unakiita u, intigrali ya kingine unaiita v. Chagua u = x, kwa sababu ukiitafutia derivativu inakuwa 1 na inakuondokea. Ukigeuza, ukachagua u = sin nx, x inakuwa x²/2 na umejichimbia shimo. Kilichobaki ni sin nx, na intigrali yake ni −cos nx gawanya kwa n. Simama hapa. Kuna vitu viwili vinavyodondoka mahali hapa: alama ya kutoa, na n ya chini. Nakushauri uviandike pembeni, kwenye kisanduku, v = −cos nx / n, kabla hujaendelea.

Unganisha: −x cos nx / n, ukiipima kutoka 0 hadi π, kisha jumlisha 1/n mara intigrali ya cos nx. Ni kujumlisha, kwa sababu kanuni ina alama ya kutoa na v ina alama ya kutoa. Intigrali ya pili inatoa sin nx / n², na sini ya nπ ni sifuri kwa kila n kamili, sini ya 0 ni sifuri pia. Imekwisha. Ya kwanza: kwenye 0, x inaua kila kitu. Kwenye π unabaki na −π cos nπ / n.

cos nπ si −1. cos π ndiyo −1. cos 2π ni 1, cos 3π ni −1, inapokezana, kwa hiyo unaandika (−1)ⁿ. Zidisha kwa 2/π, ile π ya juu inafutana na ya chini, bₙ = −2(−1)ⁿ/n, ambayo wengi huiandika 2(−1)ⁿ⁺¹/n ili ionekane inaanza na chanya. Mfululizo ni 2 sin x − sin 2x + ⅔ sin 3x − ½ sin 4x, na kuendelea. Mistari sita tu ya ubao! Muda upo, maana baadaye anatumia dakika nzima kufuta.

Na jibu likishapatikana, lipime. Weka x = π/2. Vipande vya n shufwa vinakuwa sifuri, vya witiri vinapokezana alama, unabaki na 2(1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 …). Jumla hiyo ya ndani ya mabano inaelekea π/4, kwa hiyo jibu linaelekea π/2, yaani 1.571. Ndivyo inavyotakiwa, maana f(π/2) ni π/2. Kwa vipande vinne utapata 1.448, kwa kumi utapata 1.521. Unakwenda taratibu, ila unakwenda kunakotakiwa. Ukipata kitu kama 0.05, kikokotoo chako kiko kwenye digrii. Kiweke kwenye radiani.

Mtego mwingine ambao mhadhara haukuugusa: f(x) = x kati ya 0 na 2π. Fomula ni ile ile, x, na wengi wanasema “ni witiri” wanaendelea. Hapana! Ulinganifu unautazama kwenye grafu iliyorudiwa, huutazami kwenye herufi. Huku thamani zote ni chanya, wastani ni π, na mfululizo unakuwa π − 2(sin x + sin 2x/2 + sin 3x/3 …). Alama hazipokezani tena. Chora vipindi vitatu vya grafu kabla ya kuandika chochote. Itakuchukua nusu dakika.

Nikirudi kwenye mhadhara, nusu ya pili inanipunguzia hasira. Kwenye wimbi mraba, la 1 na −1, anakokotoa kila mstari mpaka anapata 4/π mara (sin x + sin 3x/3 + sin 5x/5 …), halafu anachora jumla ya kipande kimoja, viwili, vitatu, moja juu ya nyingine kwa mkono. Hapo mwalimu yuko vizuri sana, na kama angefundisha hivyo kwenye x, video hii ingekuwa fupi.

Lakini akimaliza kuchora anasema zile pembe zinazochomoza karibu na mruko, pale grafu inaporuka ghafla kutoka −1 hadi 1, zitaisha ukiongeza vipande. Hiyo si kweli, na lazima niseme. Kilele cha kwanza kiko kwenye x = π/(2N), N ikiwa idadi ya vipande. Kwa vipande 10 kiko karibu 0.157, kwa 50 kiko karibu 0.031. Kinasogea kuelekea mruko, kinakuwa chembamba, lakini urefu wake unabaki takriban 1.18, yaani kinazidi kwa karibu asilimia 9 ya mruko mzima. Jambo hili Henry Wilbraham aliliandika mwaka 1848, mwanafizikia Gibbs akalieleza kwenye jarida la Nature mwaka 1899, na jina likabaki la Gibbs. Ukichora kwenye kompyuta ukaona pembe hazishuki, programu yako ni nzima. Usiifute.

Kwenye mruko wenyewe mfululizo unatoa wastani wa pande mbili. Kwa meno ya msumeno weka x = π: sini zote ni sifuri, na wastani wa π na −π ni sifuri. Hili amelisema, na amelisema vizuri, ingawa kwa sentensi moja.

Bei: mhadhara wenyewe ni bure. Mazoezi yenye majibu ndiyo ya kulipia, na majibu hayana hatua, ni vizigeu vya mwisho tu. Kwa hali hiyo sikushauri ulipe. Kipimo cha bure unacho tayari: fanksheni yenye mruko, vizigeu vyake vinapungua kama 1/n; yenye kona bila mruko, kama |x|, vinapungua kama 1/n². Ukikokotoa |x| ukapata 1/n, rudi nyuma, umepoteza n mahali fulani.

Habari za chaneli kwa kifupi: video ijayo ni ya mfululizo huu kwa namba changamano, ule wa eⁱⁿˣ, na tutatumia chujio lile lile. Wanaopenda wajisajili, na mwenye mhadhara anaotaka niuchambue aniandikie kwenye maoni.

Nawaachia zoezi, na sitaki mtu atumie programu. Fanksheni ni sin x kati ya 0 na π, na sifuri kati ya −π na 0, ile nusu ya wimbi inayobaki ukikata upande wa chini. Ukikokotoa aₙ utapata (1 + cos nπ) juu ya π(1 − n²). Chini kuna 1 − n², na n ikiwa 1 hiyo ni sifuri, kwa hiyo fomula haikuambii chochote kuhusu n = 1. Rudi kwenye intigrali uikokotoe a₁ peke yake, utapata sifuri. Kwa bₙ mtego ni mkali zaidi: fomula ya jumla inatoa sifuri, watu wanaandika “bₙ zote ni sifuri”, wakati b₁ ni intigrali ya sin² x gawanya kwa π, na hiyo ni ½. Kipande kikubwa kuliko vyote kimepotea! Pima kwa x = π/2, ambapo jibu linatakiwa kuelekea 1. Likielekea nusu, umeisahau b₁.